Shangazi, picha haijakauka na sherehe inakaribia: nimalizie harakaharaka?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, pamoja na mume wangu na mama yake. Kazi yangu ni uchoraji, na ninachora kwa namna mbili. Ya kwanza ni picha za rangi ya makopo, ile ya kupaka milango, juu ya hadibodi: mitumbwi, sokwe, kina mama na ndoo za dagaa. Hizo hukauka upesi na wageni wanaokwenda Gombe huzinunua. Ya pili ndiyo iliyo moyoni mwangu: rangi za mafuta za tyubu kwenye kitambaa, tabaka juu ya tabaka, hadi ngozi ya mtu ionekane ina damu ndani yake.

Kijana mmoja aliniagiza nimchore baba yake, mzee aliyefanya kazi reli miaka mingi na sasa anastaafu. Anataka mzee avae suti nyeusi, asimame mbele ya stesheni ya Kigoma. Picha ni sentimita 60 kwa 80. Tulikubaliana laki sita, akanipa laki tatu mkononi. Nyingine zilikwenda kwenye kitambaa cha marekani, mbao na rangi, zilizobaki tukalipia ada ya mtoto mkubwa. Mume wangu anajua.

Kitambaa nilikipaka gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji mara mbili, kisha jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, mara tatu, nikapiga msasa. Nikachora kwa amba iliyochomwa, rangi ya kahawia ya udongo, na tapentaini. Ilipokauka nikaweka tabaka la kijivu lote, mwanga na kivuli tu, bila rangi. Halafu nikaanza rangi zenyewe. Uso umekauka vizuri, stesheni imekauka. Suti ndiyo imegoma. Nilitumia nyeusi ya mifupa, nikaona imefifia, nikaongeza mafuta ya kitani ili ing'ae. Mpaka leo ukiigusa inanata, na sherehe ni chini ya mwezi mmoja. Mvua nazo ndizo hizi.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule. Nikimaliza kazi naisukuma picha uvunguni ili mtoto mdogo asiishike. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, aliitoa nje saa sita mchana ikaukie juani, na rangi ya bega la kushoto ikajikunja mikunjomikunjo. Mume wangu anasema nipake rangi ya makopo juu ya suti nimalize. Fundi seremala jirani anasema niongeze thina ya magari. Rafiki yangu anayechora mabango anasema nimalizie kwa akriliki, inakauka saa hiyohiyo.

Shangazi, nyumbani hali si nzuri. Mume wangu analalamika harufu, mtoto anakohoa usiku, na kila jioni naulizwa, "Bado tu?" Mama amesema kazi isiyoisha si kazi. Mume wangu si mtu mbaya, lakini juzi alinitamkia wazi: "Achana na matabaka, chora za makopo tule."

Je, nimalizie harakaharaka nikabidhi, huku najua itakuja kupasuka? Nimwambie mteja ukweli, na akidai pesa yake nitaitoa wapi? Au mume wangu yuko sahihi, matabaka si kazi ya mtu wa hali yangu?

Mchoraji wa Mwanga, Kigoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia, maana uso wa mtu ukishakubali kwenye picha, kazi ngumu kuliko zote imekwisha.

Nimeisoma barua yako nikaona mambo matatu yamekukaba kwa pamoja: suti isiyokauka, mteja asiyejua kinachoendelea, na nyumba iliyochoka kusubiri. Kwa kuwa yamekuja pamoja, yanaonekana ni jambo moja lenye jibu moja, ama umalize ama uache. Ngoja tuyaachanishe. Tuanze na suti, kwa sababu hiyo ina sababu zinazojulikana.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupotea hewani, ilivyo kwa akriliki au nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani hushika oksijeni ya hewa na kugeuka kidogokidogo kuwa utando mgumu. Kwa hiyo huhitaji hewa inayotembea, mwanga na joto la wastani. Uvunguni hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na kwenye msimu wa mvua hewa ya huko ni nzito zaidi. Giza pia huyafanya mafuta mabichi yawe ya njano, ingawa mwanga wa siku kadhaa hurudisha sehemu kubwa ya rangi. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni rangi yenyewe. Amba hukauka kwa siku moja hadi tatu ikiwa nyembamba, maana ina manganizi ndani yake inayoharakisha. Nyeupe ya titaniamu huchukua karibu wiki. Nyeusi ya mifupa, kadimiamu nyekundu na alizarini, nyekundu ya damu ya mzee, ni wavivu: wiki moja hadi mbili, na ukiongeza mafuta husogea mbele zaidi. Wewe ulichukua nyeusi ambayo tayari hunywa mafuta mengi, ukaiongezea mengine. Ule ufifiaji uliouona haukuwa upungufu wa mafuta kwenye rangi. Tabaka la kijivu la chini lilikuwa limeyanyonya, jambo linalompata kila anayechora kwa matabaka. Dawa yake ni kungoja eneo likauke, kulipaka tone la mafuta ya kitani kwa kitambaa, kisha kulifuta mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Weusi unarudi bila kuongeza unene.

Na bega lililojikunja, usimlaumu mama. Jua kali lilikausha ngozi ya juu upesi, chini kukabaki kubichi, ngozi ikapanuka ikakosa pa kwenda. Kupaka juu yake hakutaificha mikunjo. Itabidi ikwanguliwe.

Sasa zile njia za mkato, maana kila aliyekushauri alitaka kukusaidia. Akriliki juu ya mafuta haishiki, huja kubanduka vipande. Kinyume chake kinawezekana: akriliki chini, mafuta juu. Kwa picha zijazo unaweza kufanya tabaka la kijivu kwa akriliki nyembamba na kuokoa wiki nzima. Rangi ya makopo juu ya suti inayonata itakauka usiku mmoja na kuwa ngumu, huku chini bado kunasogea. Huo ndio mwanzo wa nyufa, na nyufa hizo zinaweza kutokea baada ya miezi, picha ikiwa ukutani kwa mzee. Thina ya magari ni mbaya zaidi, inaweza kuyeyusha mpaka tabaka la kijivu, na mvuke wake haufai kabisa kwenye nyumba anamolala mtoto. Kuna vikausho vya kobalti, matone machache hufanya kazi, lakini vikizidi rangi hugeuka nyeusi na kukatika, na ni sumu. Vichanganyio vya alkidi, utomvu wa kiwandani unaochanganywa na rangi ya mafuta, ni vizuri na hukausha tabaka kwa siku moja hivi. Itabidi uagize Dar es Salaam, na havitaiponya suti iliyokwisha kupakwa. Hivyo vifikirie kwa kazi ijayo. Na kwa kuwa uko Kigoma niongeze hili: asije mtu akakuambia ulainishe rangi kwa mawese. Mawese hayakauki milele. Kuoshea brashi yanafaa, mradi uyatoe yote kwa sabuni ya mche kabla hujarudi kwenye rangi.

Ninaziona njia mbili kwa suti yako, na zote zina gharama.

Ya kwanza ni kuiacha hiyohiyo ikauke, ukiihamishia penye hewa. Itundike juu ukutani sebuleni, mtoto asipofika, sehemu ya juu ikiinama mbele kidogo ili vumbi lisitue usoni pake. Asubuhi ipeleke varandani kivulini. Usiiweke kwenye jua la alasiri, kwa Kigoma jua linashukia ziwani na huingia nyumba zinazotazama magharibi likiwa chini na kali. Faida yake ni kwamba hugusi kitu. Hatari ni kwamba bega linabaki na mikunjo, na huenda siku ya sherehe ikafika huku ukucha ukiigusa rangi bado unaacha alama.

Ya pili ni kuikwangua suti. Ilaze picha mezani, weka ubao au vitabu vigumu chini ya kitambaa ili kisu kisikisukume. Shika kisu cha rangi kikiwa kimelala, kwangua kutoka katikati ya suti kuelekea nje, mbali na shingo. Kinachobaki kifute kwa kitambaa cha pamba kilichoguswa tapentaini, kisilowe, na usisugue. Ukiona kijivu, simama. Kwa kuwa tabaka la kijivu ni kavu, litastahimili ukiwa mpole. Iache siku mbili kwenye hewa. Kisha tengeneza weusi mpya bila tyubu nyeusi: amba iliyochomwa na bluu ya altramarini, karibu sawa kwa sawa. Ukitaka suti iwe baridi zidisha bluu, ukitaka iwe ya joto zidisha amba. Weusi huo ni wa kina kuliko wa mifupa, na amba itauharakisha. Changanya na kimiminika cha sehemu moja ya mafuta kwa mbili za tapentaini, paka nyembamba. Baada ya siku nne au tano, ikikauka, ongeza vivuli vya mikunjo ya suti kwa sehemu moja kwa moja, hapo tu panapohitaji. Kila tabaka linapopanda liwe na mafuta kidogo zaidi ya lililo chini yake, lisiwe na machache. Hilo unalijua, ila kwenye suti nyeusi hufichika.

Kwa hesabu hiyo wiki mbili na nusu zinaweza kutosha, mvua ikiruhusu. Hatari iko pale kola inapokutana na shingo. Kisu kikiteleza, ngozi uliyoijenga kwa matabaka itaumia, na kuirudisha ni siku kadhaa nyingine. Kama mkono wako haujazoea kukwangua, jaribu kwanza kwenye picha ya zamani usiyoijali.

Twende nyumbani. Umeandika kwamba mume wako analalamika harufu na umeandika kwamba anataka uache matabaka, na umeyasoma maneno hayo kuwa kitu kimoja. Inawezekana ni kimoja. Inawezekana pia kwamba anachokikataa ni tapentaini chumbani, na kutojua laki tatu zilizobaki zitaingia lini. Umewahi kumwonyesha kwa nini picha hii huchukua miezi, kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo hufanyi chochote juu yake ila kungoja? Mtu asiyejua rangi ya mafuta akiona picha ileile imesimama wiki nzima, anaona kazi iliyolala.

Harufu inapungua sana bila kuacha kuchora. Tapentaini iwe kwenye chupa yenye kifuniko, umimine kijiko kimoja tu unapohitaji. Brashi zifute kwanza kwa kitambaa, kisha mafuta ya kula, kisha sabuni na maji, nje. Rangi na tapentaini visilale chumbani anamolala mtoto. Kikohozi chake nacho kisihukumiwe kwa kubahatisha, mpeleke zahanati wamsikilize kifua. Na jambo moja ambalo hukulitaja lakini linanitia hofu: vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunjekunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au viloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Kuhusu kuacha matabaka, sitakuambia uache wala usiache. Nitakuuliza tu kama ni lazima kimoja kife ili kingine kiishi. Picha za makopo si kazi ya kuonea aibu. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa rangi hizohizo za makopo juu ya hadibodi, akafariki 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Kwa hiyo wakati suti inakauka, siku tano ni za makopo. Wachoraji wengi wa matabaka huwa na picha mbili tatu kwa zamu, moja ikikauka nyingine inapakwa. Kalenda ukutani, yenye siku ya tabaka na siku ya kukauka, ingeweza kumjibu mama mkwe swali la "bado tu?" kabla hajauliza. Hatari ya mpango huu ni kwamba kazi ya haraka huwa na tabia ya kumeza siku zote kwa kuwa pesa yake iko karibu. Wewe ndiye unayejua kama utaweza kuilinda siku ya tabaka shida ya nyumbani inapobisha hodi.

Na bei pia uitazame upya. Kwa maagizo yajayo, wengine hugawa mara tatu: theluthi ya kwanza siku ya kuagiza, ya pili mteja anapokuja kuona tabaka la kijivu, ya tatu siku ya kuchukua. Mteja akiona kijivu anaelewa kazi ilipofika, na nyumba haibaki ikingoja malipo moja ya mwisho.

Sasa mteja. Umejiandaa kwa jambo moja tu, kwamba akisikia ukweli atadai pesa yake. Huenda. Lakini jiweke mahali pake: sherehe ni chini ya mwezi mmoja, uso wa baba yake umeshakamilika, na hakuna mchoraji atakayeanza upya akamaliza kwa muda huo. Ana sababu nyingi za kukusikiliza kuliko unavyodhani, hasa ukimpigia wiki hii badala ya siku mbili kabla ya sherehe. Mwalike aje aione. Mwambie picha itakuwepo siku hiyo na watu wataiona, ila vanishi ya mwisho haiwekwi sasa, kwa sababu rangi ya mafuta inahitaji miezi 6 hadi 12 kukauka mpaka ndani. Wakati huo utaipitisha pamba yenye tapentaini kidogo kwenye kona nyeusi, na pamba ikitoka safi utaipaka vanishi bila malipo ya ziada. Hilo si udhuru, ndivyo kazi hii inavyofanywa popote.

Siku ya sherehe ikifika suti ikiwa bado laini, kuna njia ya katikati: picha isimamishwe ukumbini juu ya meza, mbali na mikono, isifunikwe kwa nailoni wala kioo, na baadaye irudi kwako imaliziwe. Kwenye usafiri weka vipande vya mbao kwenye pembe nne ili chochote kisiguse uso wake. Hatari ni kwamba familia ikishaipokea mbele ya watu inaweza isirudi, na salio nalo likasuasua. Kama utaichagua njia hiyo, andikianeni karatasi kabla: picha inarudi lini, inachukuliwa lini, na laki tatu zinalipwa siku gani.

Na akikataa yote akataka fedha yake, bado kuna la kuzungumza. Kiasi kimekwisha kugeuka kitambaa na rangi, na kazi ya uso imefanyika. Mnaweza kukubaliana kurudisha sehemu, kwa mafungu, kutoka kwenye mauzo ya picha za Gombe. Mume wako awepo kwenye mazungumzo hayo, kwa kuwa pesa ile mliitumia pamoja. Niandikie baada ya kumpigia simu, unieleze alisema nini na bega limekwanguka vipi.